Kujifunza kurusha mkuki kwa jicho la akili na sikio

KIJANA wa Timau anayetamani kurusha mkuki yumkini asimpate kocha wa mchezo huo kati ya mashamba ya ngano. Hali kama hiyo ilimkabili Julius Yego wa Nandi, akajifunza kwa kutazama kanda za Jan Železný na Andreas Thorkildsen kwenye YouTube. Mwaka 2015 jijini Beijing alirusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2016 alitwaa fedha ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro.

Kutazama pekee hakutoshi, ama sivyo kila shabiki wa kandanda angekuwa mchezaji hodari. Baada ya kanda, mwanagenzi na afumbe macho aufuatilie mrusho kana kwamba ndiye mrushaji, kwa kasi yake halisi: gramu 800 za mkuki wa wanaume kiganjani, mkono ukiwa umenyooka nyuma, nyonga zikitangulia bega. Anayejiona akikosea hujizoeza kosa.

Sauti nayo ina kazi yake. Kwa atumiaye mkono wa kulia, mguu wa kulia hukanyaga, wa kushoto ukaufuata upesi: ta-ta! Mdundo huo upigwe kwa makofi, utembewe, kisha ukimbiwe mikono mitupu.

Hata Yego alihitaji kocha, akafunzwa nchini Finland, kwa kuwa kanda haimwoni anayeitazama. Asiye na kocha amwombe mwenzake amrekodi kwa simu akiwa ubavuni, kisha alinganishe mrusho wake na ule aliouona akilini.