Ardhi Hatarishi, Nje ya Mita Sitini

Ukitafuta kiwanja Rau, Msaranga au upande wa Mabogini, dalali wa Moshi atakutoa wasiwasi kabla hujauliza: kiwanja kiko nje ya mita sitini. Hasemi mita sitini za nini wala zimepimwa kutoka wapi, nawe humdadisi, maana kipimo hicho kimekwisha kugeuka jina la sheria yenyewe. Watu wa mlimani si wageni wa desturi hii. Ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 kati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na msitu mkubwa wa Kilimanjaro, ili wananchi wapate humo kuni na mbao, mpaka leo wanauita nusu maili. Aliye juu anaijua sheria kwa maili, aliye chini anaijua kwa mita.

Jina la namna hiyo halisahauliki, lakini linaficha kilichokusudiwa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 haikuanzia kwenye mita. Kifungu chake cha 7 kinazungumzia kile ambacho Kiingereza cha sheria kinakiita hazard land: ardhi ambayo kuiendeleza kunaelekea kuhatarisha maisha ya watu, au kuharibu mazingira ya ardhi hiyo yenyewe au ya ardhi inayopakana nayo. Ndipo inafuata mifano. Imo mikoko na matumbawe, imo ardhi oevu, yamo maeneo ya kutupia taka za sumu. Imo ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa ziwa au pwani. Imo pia miteremko iliyozidi pembe ambayo Waziri ataitaja akishapata ushauri wa wataalamu, na ardhi ambayo mamlaka husika imesema isiendelezwe kwa sababu ya udhaifu wake au umuhimu wake kwa mazingira.

Kati ya hayo yote, kilichobaki midomoni mwa watu ni mto tu. Sababu haiko mbali. Ardhi inayotangazwa chini ya kifungu hicho huingia katika kundi la ardhi ya hifadhi, na tangazo ni kazi ya Waziri; mteremko nao hausemi lolote mpaka pembe yake itajwe. Mto haukusubiri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, ilikataza moja kwa moja shughuli za kudumu ndani ya mita 60, ikatoa namba ambayo mgambo na mwenyekiti wa mtaa wanaweza kuipima kwa futi kamba. Mteremko haukupewa namba ya kupimika hivyo, na kwa Moshi huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu mji huu umelala miguuni pa mlima na sasa unakua kuupanda: Kibosho, Uru, Mbokomu, kote huko vihamba vinakatwa kuwa viwanja.

Kwa Kiswahili dhana hii hutajwa kwa njia mbili. Wako wanaosema ardhi ya hatari, na wako wanaosema ardhi hatarishi. Wengi huyachukulia maneno haya kuwa pacha. Mimi naona yanauliza maswali mawili.

Ardhi ya hatari ni mahali ambapo mtu anaweza kudhurika. Ni swali la mnunuzi: je, Mto Rau utaingia sebuleni kwangu masika? Mvua za Aprili 2024, zilizoleta mafuriko Moshi, ziliwafanya wengi waliulize kwa kuchelewa. Swali hili lina haki yake, na halihusu mto peke yake. Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang yaliwafikia watu wa Katesh walioko chini na kuua zaidi ya watu 80. Anayeishi penye tambarare hajatoka katika hesabu za mlima.

Hatarishi ni neno la jamii nyingine. Limetoka katika kuhatarisha, kama vile shirikishi lilivyotoka katika kushirikisha na wezeshi katika kuwezesha. Mbinu shirikishi huwashirikisha watu; ardhi hatarishi, kwa kanuni hiyohiyo, huwaweka wengine hatarini. Hapo ndipo sheria ilipo. Haiulizi tu kama wewe utazama, inauliza pia ujenzi wako utamfanya nini jirani. Kwa hiyo katika tafsiri ya sheria nalipendelea hatarishi, ingawa nalo halijamaliza kazi: kinachohatarisha ni ujenzi, na ardhi imebebeshwa lawama hiyo kwa ufupi wa istilahi tu. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, uchaguzi huu si wa wanaisimu peke yao. Mjumbe wa baraza la kata anayesoma ardhi ya hatari anaweza kumwambia mlalamikaji kwamba mwenye kiwanja amekubali kuhatarika mwenyewe, wewe inakuhusu nini?

Inamhusu, na kwenye mteremko wa Kilimanjaro inamhusu kwa lita. Chukua kihamba chenye migomba na kahawa. Majani huvunja nguvu ya mvua, matandazo huipunguza mbio, mizizi hushika udongo. Ng'oa vyote, jenga nyumba yenye paa la mita za mraba 150. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo peke yake linamwaga lita 7,500, ambazo ni mapipa zaidi ya 37 ya lita 200, na bado hujahesabu ua uliosakafiwa. Maji hayo yanaelekezwa wapi? Mara nyingi yanaelekezwa kwa wa chini. Pengine yanaangukia katika mfongo, mfereji wa asili uliochimbwa na wazee kupeleka maji mashambani kwa mteremko wa polepole sana. Ukizibwa na kifusi au ukiachwa bila kusafishwa, unafurika ubavuni na kuulowesha udongo ambao mtu wa chini ameukata wima apate kiwanja cha usawa. Kila mmoja alikuwa nje ya mita sitini.

Neno mteremko lenyewe linahitaji uangalifu. Mhandisi hulitaja kwa asilimia, mwingine kwa digrii, na namba hizo hazilingani. Ardhi inayoshuka mita 3 katika kila mita 10 za usawa ina mteremko wa asilimia 30, lakini pembe yake ni kama digrii 17 tu. Asilimia 100 ni digrii 45. Anayesikia thelathini bila kuuliza thelathini ya nini anaweza kukosea karibu mara mbili. Fundi mwenye mpira wa maji na futi kamba atakupatia kipimo hicho kabla ya chai ya saa nne.

Na ukingo? Sheria imesema ukingo wa mto. Haikusema mahali maji yalipo siku dalali alipokuleta, ambayo kwa kawaida ni Januari au Agosti. Makorongo ya Moshi yanaweza kuonekana makavu kwa miezi, watoto wakichezea mchanga humo. Manispaa hii ina kata inayoitwa Bondeni na nyingine inayoitwa Korongoni. Waliotangulia hawakuwa wakitania walipoyapa maeneo majina. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapahapa mjini, na swali la kijito kipi ni mto halipaswi kujibiwa na muuzaji.

Mchoro wa mipango miji utakuonyesha kama pameandikwa makazi, kilimo au eneo la wazi. Hati itakuambia mwenye haki ni nani. Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ina neno lake. Masale yaliyopandwa mpakani yatakuonyesha jirani anaishia wapi, na bikoni za mpimaji ziwe zinakubaliana nayo. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotaja maji ya paa la mwenzako wa juu. Hilo liandikwe kwenye mkataba wa mauziano: umbali kutoka ukingo, mteremko kwa asilimia, mifereji inayopita na nani anaisafisha, maji ya mvua yanaingilia wapi na kutokea wapi. Muuzaji akikataa kuliandika, mwombe akuonyeshe kiwanja hichohicho tena katikati ya Aprili.