Ugonjwa wa mwinuko: Yampasayo kujua apandaye Mlima Kenya

MLIMA Kenya una vilele vitatu vinavyojulikana zaidi: Batian chenye urefu wa mita 5,199, Nelion mita 5,188 na Lenana mita 4,985. Viwili vya kwanza huhitaji kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Lenana hufikiwa kwa miguu, na huko ndiko waendako watalii wengi, wanafunzi na makundi ya marafiki.

Wepesi huo ndio unaoficha hatari. Gari liondokalo Nairobi asubuhi laweza kuwafikisha wasafiri Met Station, katika njia ya Naro Moru, mita zipatazo 3,050 juu ya usawa wa bahari, kabla ya jua kutua. Usiku wa pili wao hulala kambi ya Mackinder's, mita zipatazo 4,200, na kabla ya mapambazuko ya siku ya tatu huwa wanakikabili kilele. Mwili haujapewa nafasi ya kuzoea.

Hewa ya mlimani ina asilimia 21 ya oksijeni, sawa na ya Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wake. Kileleni Lenana, mgandamizo huo hukaribia nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni haba. Mwili waweza kuizoea hali hiyo, lakini huhitaji siku kadhaa.

Ugonjwa wa mwinuko huweza kumpata mtu kuanzia mita 2,500, aghalabu katika muda wa saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Kichwa huuma, kisha hufuata kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu, kizunguzungu na usingizi wa kukatika-katika. Ujana na nguvu si kinga. Mwanariadha aweza kuugua huku mzee aendaye taratibu akisalimika.

Hali hiyo ikipuuzwa yaweza kuzaa maradhi mawili yanayoua. La kwanza ni majimaji kujaa mapafuni: mgonjwa huhema hata akiwa amepumzika, hukohoa, na huenda akatoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. La pili ni ubongo kuvimba: mgonjwa huchanganyikiwa na kupepesuka mithili ya mlevi. Asiyeweza kutembea katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, yumo hatarini.

Tiba ya maradhi hayo mawili ni kuteremka mara moja, mita 300 hadi 1,000, hata kama ni usiku wa manane. Oksijeni na dawa husaidia, ila hazichukui nafasi ya kuteremka. Mgonjwa asiachwe ateremke peke yake. Kwa dalili nyepesi, inatosha kutopanda zaidi hadi zitakapoisha. Zikizidi, ni kushuka.

Kinga bora ni mwendo wa polepole. Wataalamu hushauri kwamba, baada ya kupita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi mita 500 juu ya pale pa usiku uliotangulia, na pawe na siku ya mapumziko kila baada ya siku 3 au 4. Kwa kuwa kambi za Mlima Kenya zimeachana sana, ni busara kuongeza usiku mmoja. Kwa mfano, katika njia ya Sirimon, mtu aweza kulala siku mbili Old Moses, mita 3,300, huku mchana akipanda juu kidogo na kurudi.

Dawa ya acetazolamide husaidia kuzuia ugonjwa huu, lakini itumiwe kwa ushauri wa daktari. Pombe na vidonge vya usingizi viepukwe. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo, mapafu au selimundu wamwone daktari kabla ya kufunga safari.

Baridi nayo ni adui. Usiku maji huganda, na nguo zilizolowa hupokonya mwili joto upesi. Kwa hiyo koti la mvua, sweta, glavu na nguo kavu za akiba ni lazima. Mchana, jua la ikweta huunguza ngozi na macho hata kukiwa na mawingu. Maji ya mitoni yachemshwe.

Hatimaye, kundi lisipande bila mwelekezi anayezijua dalili hizi, na likubaliane mapema kwamba mmoja akiugua, safari ya kileleni si muhimu kuliko uhai wake.