Rutuba, Mbolea na Maji ya Ndiva: Historia ya Istilahi Chache kutoka Upare

Mfasiri anayetakiwa kueleza jinsi mbolea inavyosombwa na mvua kutoka shambani hadi mtoni hukuta kwamba msamiati wake una historia iliyo kinyume na haja yake. Neno rutuba limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni unyevu. Lilipoingia katika Kiswahili lilihama, likawa nguvu ya udongo ya kuotesha mimea. Mwanafunzi wa lugha aweza kulistaajabia badiliko hilo. Mkulima wa Same hana sababu ya kufanya hivyo. Katika nyanda kavu zilizo chini ya Milima ya Pare, kama vile Makanya, mafuriko hushusha maji na tope kwa pamoja, na shamba lililopata kimoja aghalabu limepata na cha pili.

Mbolea ni neno la namna nyingine. Umbo lake lakaribiana na kitenzi -bola, ambacho katika Kibemba na Kikongo maana yake ni kuoza. Kwa karne nyingi kitu chenyewe kilikuwa hicho hicho: majani yaliyovunda, na kinyesi cha mifugo ambacho twakiita samadi, neno jingine la Kiarabu. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza kutengeneza amonia kutokana na naitrojeni ya hewani, na tangu hapo mbolea haikulazimika kuoza. Kwetu, kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, mwaka ule ule wa azimio la Siasa ni Kilimo, kikaendelea hadi 1991. Jina lililoenea vijijini lilikuwa mbolea ya chumvichumvi. Wanakemia watasema kwamba salfeti ya amonia ni chumvi kweli, lakini yurea siyo. Na iwe hivyo. Kosa hilo halimdhuru mtu.

Kosa lenye madhara liko kwingine. Katika Upare wakulima hutumia ndiva, yaani lambo la kuhifadhia maji ya mfereji, ambalo hujazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Tope linalojaa humo huondolewa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji. Kwa hiyo mmomonyoko si dhana ngeni kwao: wanaujua kwa uzito wa majembe. Lakini tope huchukua sehemu moja tu ya mbolea. Fosfati hushikamana na chembechembe za udongo na kusafiri nazo. Nitrati huyeyuka na kushuka na maji yanayopenya ardhini, hata pale ambapo matuta yamejengwa vizuri na hakuna udongo uliohama. Tafsiri nyingi huyaita mambo yote mawili mmomonyoko. Msomaji aliyekwisha kujenga makinga maji huamini kwamba kazi imekwisha, naye huendelea kutia mbolea kwa mkupuo mmoja kabla ya mvua kubwa. Napendekeza mmomonyoko libaki kwa udongo, na hili la pili liitwe mchujuko, kutokana na kuchujuka, kitenzi ambacho kila mama afuaye nguo anakijua.

Linabaki neno gumu kuliko yote. Virutubisho vinapozidi katika ziwa, mwani na magugu maji hustawi, kisha huoza na kuwanyima samaki hewa. Ziwa Victoria limeyaona hayo. Huko China, mkoani Zhejiang, misitu ya mianzi inayolimwa kwa ajili ya machipukizi hutiwa mbolea nyingi, na wataalamu wanaihesabu miongoni mwa vyanzo vya virutubisho vinavyoingia mitoni. Mwaka 2007 mwani wa Ziwa Taihu uliwakosesha wakazi wa mji wa Wuxi maji ya bomba. Nimeona ripoti za namna hii zikitafsiriwa kwa neno urutubishaji wa maji. Msomee hilo mzee wa ndiva naye atashukuru, kwa maana maji yenye rutuba ndiyo aliyokuwa akiyaomba. Bora kusema maji kulemewa na virutubisho. Ni maneno manne mahali pa matatu, na kamati za istilahi hazipendi urefu. Lakini hakuna atakayeyadhania kuwa ni baraka.

Kuhusu ndiva lenyewe, sioni sababu ya kulifasiri kuwa bwawa. Bwawa halina zamu, wala halifunguliwi kila asubuhi. Neno hilo la Chasu liingizwe katika orodha jinsi lilivyo, na msaragambo lifuatane nalo.