Marysville, Mji Ulio Chini ya Mto

Kila msimu wa baridi dhoruba za Pasifiki zinapoipiga milima ya Sierra Nevada, California, taarifa za habari huilaumu mvua. Mvua ina lake, sikatai. Dhoruba ya kuogopwa zaidi huko ni ile ya joto: unyevu unasukumwa kutoka upande wa Hawaii, mvua inaikuta theluji imelala mlimani, na maji ya vyote viwili yanateremka bondeni kwa pamoja. Lakini anayeusimulia mji wa Marysville kwa mvua peke yake anawaficha wahusika, na wahusika wanajulikana.

Mji ulipimwa mwaka 1850, pale mto Yuba unapoingia mto Feather. Ulipewa jina la Mary Murphy, mke wa Charles Covillaud; Mary alikuwa mmoja wa walionusurika katika msafara wa wahamiaji wa Donner ulionaswa na theluji ya milima hiyo hiyo mwaka 1846. Boti za mvuke zikaleta wachimba dhahabu na vyakula vyao, mji ukatajirika. Hayo yameandikwa mno.

Mimi nashughulika na bomba. Mwaka 1853, karibu na Nevada City, Edward Matteson alilirushia genge maji ya bomba badala ya kulichimba kwa sururu. Miaka ishirini baadaye bomba lile lilikuwa limekua likawa mzinga wa chuma. Maji yalitekwa kwenye mabwawa ya juu milimani, yakateremshwa kwa mitaro na mabomba, yakatoka kwa nguvu ya kubomoa mlima. Changarawe iliporomoka, ikapitishwa kwenye mifereji ya mbao iliyotiwa zebaki, hiyo hiyo wanayoijua wachimbaji wadogo wa Geita. Zebaki ikashika dhahabu. Kifusi kikaachiwa mto. Kampuni ya North Bloomfield iliukata mlima pale Malakoff hadi leo majabali yake yamebaki wazi kama kidonda.

Kifusi kiliijaza Yuba hata sakafu ya mto ikawa juu kuliko barabara za Marysville. Watu walijenga matuta, mto ukapanda, wakayaongeza matuta. Januari 1875 tuta likapasuka, mji ukajaa maji na tope. Wachina wa mji huo walikuwa na hekalu la Bok Kai, mungu wa maji. Lililopo sasa lilifunguliwa mwaka 1880, chini kabisa ya tuta, karibu na mto kuliko takriban kila mtu. Vitabu vingi hulitaja kwa ajili ya sherehe zake tu. Kwangu mimi ni ushahidi: watu waliojenga pale walijua hatari inatokea wapi.

Wapo wanaobisha kwamba mafuriko makuu ya 1861 na 1862, yaliyomfanya gavana Leland Stanford aende kuapishwa Sacramento kwa mashua, yalikuwa kazi ya mbingu tupu. Wakati huo mabomba yalikuwa na miaka minane kazini, na ni mafuriko hayo yaliyoshusha kifusi kwa wingi mashambani.

Wakulima walikwenda mahakamani. James Keyes, wa bonde la mto Bear, alizishitaki kampuni nyingi kwa mpigo, akashinda. Mwaka 1879 Mahakama Kuu ya jimbo ikaitengua hukumu kwa sababu haikuwa halali kuziunganisha katika kesi moja. Kifusi chao kimechanganyika mtoni, lakini wao washitakiwe mmoja mmoja! Hatimaye Edwards Woodruff, mwenye mali Marysville, akafungua kesi yake, na tarehe 7 Januari 1884 Jaji Lorenzo Sawyer akapiga marufuku kumwaga kifusi mitoni. Sawyer mwenyewe aliwahi kuishi Nevada City, katikati ya wachimbaji.

Hapo ndipo wanahistoria wengi hufunga kitabu, nami nawapinga. Mabomba yalizuiwa, kifusi hakikuondoka. Mwaka 1917 mwanajiolojia Grove Karl Gilbert alikadiria kilichoshushwa kuwa zaidi ya yadi za ujazo bilioni 1.5, karibu mara nane ya kilichochimbwa kwa Mfereji wa Panama, na kilikuwa bado kinasafiri.

Ya karibuni nayapitia haraka. Mkesha wa Krismasi 1955 matuta ya Marysville yalishika, ya Yuba City, ng'ambo ya pili ya mto Feather, yakapasuka, watu 38 wakafa. Februari 2017 bwawa la Oroville, juu kwenye mto Feather, lilitisha kupasuka, watu 188,000 wakaamriwa kuhama.

Lakini la mji wa Linda, kusini mwa mto Yuba, lisipitwe. Februari 1986 tuta lilipasuka, wakazi wakaishitaki serikali ya jimbo. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba tuta lile lilijengwa kwa kifusi cha migodini, chenye kupitisha maji, nalo lilijulikana kuwa bovu. Jimbo likalipa zaidi ya dola milioni 400. Kampuni zilizokimwaga zilikwisha kufa zamani; aliyelipa ni mlipa kodi.