Tundu Dogo la Kiel

Wako wadhanio kwamba mbinu mpya ya tiba hukubaliwa mara tu ubora wake uonekanapo. Historia ya kukata kidole tumbo yatuonyesha kinyume: hukumu ilitangulia, na ushahidi ukafuata nyuma kwa miaka mingi.

Kidole tumbo, ambacho baadhi ya kamusi zetu hukiita kibole, ni kijinyama chembamba kining'iniacho mwanzoni mwa utumbo mpana. Mwaka 1735, mjini London, Claudius Amyand alimkata mtoto wa miaka 11 aliyekuwa na ngiri, akakikuta humo kimetobolewa na pini. Ila ugonjwa wenyewe haukueleweka vema hata mwaka 1886, Reginald Fitz wa Boston alipoonyesha kuwa usaha mwingi wa upande wa kulia chini huanzia hapo, akahimiza upasuaji wa mapema. Mwaka 1894 Charles McBurney wa New York alieleza namna ya kutenganisha nyuzi za misuli pasipo kuzikata. Njia hiyo iliokoa roho zisizo idadi. Basi si ajabu kwamba walioirithi waliilinda kwa wivu.

Aliyewaudhi hakuwa mmoja wao. Kurt Semm wa Kiel, Ujerumani, alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake, na watu wa fani yake walikwisha zoea kuchungulia tumboni kwa darubini nyembamba. Tumbo hujazwa hewa ya ukaa likainuka kama hema. Darubini hupita katika tundu moja, vyombo katika matundu mengine. Mwaka 1980 Semm alikitoa kidole tumbo chote kwa njia hiyo, akiziba shina lake kwa kitanzi cha uzi ambacho asili yake ni upasuaji wa mafindofindo ya watoto. Alilipwa kwa dhihaka. Mkuu wa chama cha wapasuaji wa Ujerumani alitaka azuiwe kufanya kazi ya udaktari, na jarida moja la Marekani liliikataa makala yake. Ilichapwa kwingineko mwaka 1983.

Je, wapinzani hawakuwa na hoja hata moja? Walikuwa nayo, na ni haki kuisema. Mpasuaji aliyezoea kupapasa kwa kidole alitakiwa sasa kuamini picha. Na kidole tumbo kitulivu si sawa na kile kilichovimba na kukaribia kupasuka. Hoja hiyo ilihitaji jibu la vitendo, nalo lilianza mwaka 1987, Schreiber alipoeleza kazi yake kwa wagonjwa wenye uvimbe wa ghafula. Lakini kudai mtu anyang'anywe kazi si hoja.

Majaribio ya kulinganisha yalipofanywa, hapana upande ulioshinda wote. Wenye matundu walipata usaha mchache katika majeraha, maumivu yalipungua, wakarudi kazini mapema. Wanawake hasa walifaidika, kwa kuwa darubini huonyesha pia ovari, ambazo maumivu yake hufanana sana na haya. Kwa upande wa pili, upasuaji ulichukua muda mrefu zaidi, na katika tafiti nyingi majipu ya ndani ya tumbo yalizidi. Hata wenye matundu wenyewe hawakukubaliana: wengine hubana shina kwa mashine ya pini, iliyo nyepesi kutumia na ghali kununua, wengine wameshika uzi wa Semm, ambao hospitali yenye fedha chache yaweza kuumudu.

Yuko pia mtu ambaye wengi humsahau. Miaka mitatu kabla ya Semm, mwaka 1977, Henk de Kok wa Uholanzi alieleza jinsi ya kukitafuta kidole tumbo kwa darubini, kisha kukitoa kwa mkato mdogo. Wapenda upya waliiona njia yake kuwa nusu ya safari. Hata hivyo leo wako wapasuaji wa watoto wanaokivuta kidole tumbo kupitia tundu moja la kitovuni, wakakifunga na kukikata nje ya tumbo, kwa uzi wa kawaida, mbele ya macho yao.