Safari, hela, stesheni: mikia ya maneno ya Tabora

Leo tuweke pembeni assignment, tuongelee historia... ya mikia ya maneno!

Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Waarabu walisema "safar". Sisi tukaongeza irabu, sa-fa-ri, na neno likatembea na misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji.

Wajerumani nao wakaja na Heller. Kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa Heller 100. Sisi tukaitupa ile r: he-la. Mwaka 1916 vita ilipowabana, walitengeneza sarafu hapa hapa Tabora, kwenye karakana ya reli: za Heller 20 na hata za dhahabu za rupia 15! Septemba hiyo Wabelgiji wakauteka mji. Heller ikafa, hela tunadaiwana mpaka leo.

Na stesheni je? Reli ilifika Tabora 1912, lakini neno tulilichukua kwa Waingereza, ambao mkia wake, -tion, waliupata kwa Wafaransa. Wanorwei wanao pia: sta-sjon, silabi mbili. Sisi tunazo tatu, ste-she-ni, zote zinaishia kwa irabu.

Nayasema haya kwa sababu humu chuoni mtu akisema "prezentesheni" anachekwa eti katoka bush. Jamani, si katumia kanuni ile ile? Kesho kutwa sisi ndio walimu. Mtoto akiongeza irabu, kabla hujacheka jiulize hiyo hela mfukoni mwako ilitoka wapi.

Tupo pamoja.