Huduma ya kwanza kwa majeruhi magerezani (Tarime na Serengeti)

Ni msaada ambao askari magereza humpa aliyejeruhiwa, awe mfungwa, mahabusu au askari mwenzake, kabla hajafikishwa kwa mganga. Mkoani Mara, magereza ya Tarime na Mugumu (Serengeti) yamo katika ukanda ambako panga, rungu na mshale bado hutumika kwenye ugomvi wa ng'ombe na mipaka ya koo. Wako mahabusu wanaopokelewa na majeraha tayari. Wafungwa nao hushika majembe na mapanga kwenye kazi za shamba.

Usalama hutangulia: silaha iondolewe, wafungwa wengine warudishwe ndani. Kisha damu. Mafunzo ya zamani yalianza na njia ya hewa. Kwa jeraha linalobubujika utaratibu huo umepinduliwa, kwani mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na mshipa mkubwa wa paja ukikatwa anaweza kufa ndani ya dakika 5.

Jeraha hukandamizwa kwa nguvu, mikono ikivikwa glavu au hata mfuko wa plastiki. Damu ya mkono au mguu isipokoma, kiungo hukazwa. Mkanda wa sare, ambao wengi huukimbilia, ni mgumu, hausokoteki. Kinachofaa ni kitambaa imara chenye upana wa sentimita 4 au zaidi, kifungwe sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, mbali na goti au kiwiko, kisokotwe kwa kijiti mpaka damu ikome. Saa iandikwe, hata kwenye paji la uso. Majeruhi atapiga kelele. Kitambaa kisilegezwe kwa kumwonea huruma. Pingu, zikilazimu, zihamishiwe mkono mzima.

Mshale uliozama hauchomolewi, huzungushiwa vitambaa usitikisike. Ng'ambo ya mpaka wa Kenya, waganga wa Kikisii walisifika kwa kupasua fuvu la aliyepigwa rungu; kazi ya askari ni ndogo zaidi: kumlaza ubavu aliyezimia akipumua, shingo ikishikiliwa isipinde.

Rufaa huanzia Hospitali ya Mji wa Tarime au Hospitali ya Nyerere, Mugumu. Waliozidiwa huenda Musoma au Bugando, Mwanza. PF3, fomu ya polisi kwa majeruhi, ni karatasi ya ushahidi, inaweza kufuatwa polisi karandinga likiwa njiani. Msindikizaji awe yule aliyefunga kitambaa, maana daktari atamuuliza kilifungwa saa ngapi.